Waandishi, ulizeni fyuzi ilikuwa na nini

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma dukani kila asubuhi kabla wateja hawajaanza kugonga kaunta kwa sarafu, na habari za nyumba kuungua huzisoma mpaka nukta ya mwisho. Karibu zote huishia vilevile: kamanda anasema uchunguzi unaendelea, ila chanzo kinadhaniwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Habari imekwisha, tunafungua ukurasa wa michezo. Mimi nabaki na swali ambalo mwandishi wako hakuliuliza, nalo ndilo lililonishikisha kalamu: ndani ya fyuzi ya nyumba ile kulikuwa na nini?

Nauliza kwa sababu nauza vifaa vya umeme Ngamiani, hapa Tanga, na marehemu mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge kabla hatujafungua duka. Mafundi wanaonunua kwangu wana mazoea ya kuniletea vitu walivyovikuta kwenye fyuzi za watu, kwani wanajua nitacheka kwanza kisha nitakasirika. Navitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mna msumari wa inchi mbili. Mna spoki ya baiskeli iliyokatwa kwa ustadi na kukunjwa ncha zote mbili (Tanga ni mji wa baiskeli, spoki hazikosekani). Mna waya wa kufungia nondo, pini ya nywele, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyoviringishwa ikakaza, na ufunguo mdogo ambao kufuli lake mpaka leo sijui liliishia wapi.

Vyote hivyo vilifanya kazi, Mhariri. Hapo ndipo penye balaa. Aliyeweka msumari aliona taa zimewaka, friji limenguruma, watoto wamepiga makofi, naye akaenda kulala akijiona fundi. Hakuna kilichomwambia kwamba amekosea, na pengine hakitamwambia mpaka mwaka wa pili au wa tatu.

Niseme kidogo fyuzi inavyofanya kazi. Waya wa soketi uliomo kuta za nyumba zetu kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba. Ukiwa ndani ya bomba ukutani unahimili ampea 20 hivi bila kuumia. Plastiki yake imetengenezwa ivumilie joto la nyuzi 70. Likizidi hapo kwa muda mrefu inalainika, inakauka, mwishowe inapasuka. Na joto halipandi sawa na umeme: umeme ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Basi waliotutangulia wakaweka kwenye njia hiyohiyo kipande kifupi cha waya mwembamba wa kopa uliopakwa bati, ambacho kazi yake ni kufa kwanza. Waya wa fyuzi wa ampea 15 una unene wa nusu milimita tu. Umeme ukifika kama mara mbili ya kipimo hicho unakatika, tena unakatikia pale kwenye kishikio chake cha kauri, mahali panapofikika kwa mkono na bisibisi. Usipokatika pale, itabidi kitu kingine kikatike, na hicho kiko juu ya dari.

Sasa mtu amechoka kukatikiwa, anatoa waya wa 15 anaweka wa 30. Fyuzi hiyo itasubiri umeme ukaribie ampea 60. Kabla ya kufika huko, kwenye ampea 50 tu, waya wa ukutani unapata joto mara sita ya lile unaloliweza. Mwingine anakata kipande cha waya uleule wa 2.5 anakigeuza fyuzi, jambo ambalo mafundi wa mtaani hulifanya bila kupepesa jicho. Kipande hicho hakiyeyuki mpaka ampea mia na hamsini zipite. Msumari naye ni ndugu yake. Kwa maneno mengine, nyumba hiyo haina fyuzi kabisa. Ina picha ya fyuzi.

Karatasi ya sigara ndiyo inayonichosha zaidi kwa sababu watu huiona laini wakadhani ni salama. Hakuna anayejua itakatika lini. Ukiiviringisha kidogo, ampea chache zinaikata. Ukiikaza vizuri, unaweza kuchomea geti. Na nyuma ya ile fedha ni karatasi, nayo karatasi inashika moto yenyewe pale pale kwenye boksi.

Kisha kuna hili la joto letu la pwani. Vipimo vya nyaya vimeandikwa kwa kudhani hewa inayozizunguka ina nyuzi 30. Panda juu ya dari ya nyumba ya bati hapa Tanga saa nane mchana mwezi wa Februari, kama utaweza kukaa. Hewa ikifika nyuzi 50, uwezo wa waya hupungua karibu theluthi moja. Ule wa ampea 20 sasa ni wa 14. Ongeza vumbi, ongeza panya wanaoguguna plastiki, ongeza boriti kavu za tangu enzi za wakoloni, halafu niambie msumari ukae kwenye fyuzi.

Narudi kwa mwandishi wako. Kauri haiungui. Nyumba ikiteketea mpaka msingi, kishikio cha fyuzi cha kauri mara nyingi hubaki kwenye majivu, na kilichofungwa ndani yake nacho mara nyingi hubaki: chuma cha msumari kinahitaji nyuzi 1,500 kuyeyuka, kopa zaidi ya 1,000. Kwa hiyo swali langu lina jibu, na mtu wa zimamoto aliye makini anaweza kulipata kwa kuinama tu. Lisipoulizwa, lawama inaelea hewani, mara kwa TANESCO, mara kwa shetani, na yule aliyeweka waya wa kufungia nondo anaihurumia familia msibani kwa moyo mweupe kabisa, bila kujua kwamba ni yeye.

Hata hivyo sitaki kuungana na wale wanaosema wananchi ni wajinga. Ramadhani iliyopita, mara baada ya magharibi, alinijia kijana anahema.

“Shikamoo mama. Nipe fyuzi isiyokatika.”

“Marahaba. Isiyokatika sina, wala haijatengenezwa. Yenu ni ya ngapi?”

“Ile ya ukutani, ya kauri. Baba mwenye nyumba kasema ninunue waya mgumu.”

“Mlichomeka nini ilipokatika?”

Akanitajia. Chumba cha kwanza jiko la koili mbili, chumba cha tatu jiko kama hilo, birika la chai chumba cha nne, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga pasi kanzu ya kuendea tarawehe. Nikampigia hesabu pembeni mwa gazeti, gazeti lako, nadhani ukurasa wa siasa: wati 2,000, na 2,000, na 2,200, na 1,200, jumla 7,400. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 32. Zote hizo zilikuwa zinapita kwenye njia moja ya soketi yenye fyuzi ya 15.

“Fyuzi yenu haina ubaya,” nikamwambia. “Imefanya kazi yake. Chukua waya wa 15 huu, na pasi isubiri wenzio wapakue.”

“Mama, mimi nitaelewa. Nao wataelewa? Kila jioni tunagombana.”

Kijana yule hakuwa mjinga hata chembe. Nyumba ina vyumba sita, mita ya LUKU moja, na nyaya zilizotandazwa wakati wenye nyumba walikuwa na taa nne na redio. Tangu hapo kila mpangaji mpya ameingia na friji lake, feni yake, na sasa jiko lake la umeme. Baba mwenye nyumba anapokea kodi sita lakini njia ya soketi ni ileile. Boksi la fyuzi limo chumbani kwake, na anapoombwa alete fundi agawe njia ziwe tatu, kila moja na fyuzi yake, anasema hana hela. Fundi mwenye leseni angeifanya kazi hiyo kwa kodi ya miezi michache ya chumba kimoja. Waya mgumu unapatikana kwa bei ya andazi. Unategemea atachagua nini?

Na mzigo huu utaongezeka, si kupungua. Serikali inatuhimiza tuache mkaa, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili, maana moshi ule umetumaliza kifua. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Sehemu ya watu hao watapikia umeme. Nimesikia mengi kuhusu majiko, mikopo ya majiko na bei ya yuniti. Kuhusu nyaya za nyumba za kupanga zitakazobeba majiko hayo sijasikia neno. Mtu akikupa jiko la wati elfu moja bila kukuuliza nyumba yako ina waya gani, msaada huo ni nusu tu.

Niguse plagi, kwa kuwa huko nako kuna mambo. Plagi zetu za pini tatu tulizirithi kwa Waingereza na kila moja ina fyuzi ndogo ndani. Wengi hawajawahi kuifungua. Fyuzi hizo zina vipimo, hasa ya ampea 3 na ya ampea 13. Ya 3 ni kwa vyombo visivyozidi wati 700: televisheni, redio, feni, taa ya mezani. Ya 13 ni kwa pasi, birika, jiko. Vyombo vidogo vina waya mwembamba, na ndiyo maana vikapewa fyuzi ndogo. Lakini zunguka maduka ya mji huu uombe fyuzi ya 3, utaonekana umetoka sayari nyingine. Wote wanauza za 13, na za 13 zinawekwa kila mahali, hata kwenye redio ambayo mzigo wake haufiki ampea moja. Waya wa redio ukichubuka, utawaka urefu wake wote kabla fyuzi ya 13 haijapata habari.

Halafu kuna plagi za pini mbili za duara zinazokuja na simu na vyombo vya mtumba. Haziingii kwenye soketi zetu kwa sababu tundu la juu ndilo linalofungua mlango wa yale mawili ya chini. Mtanzania hashindwi: anachukua mfuniko wa kalamu, anauchomeka tundu la juu, mlango unafunguka, pini mbili zinapita. Nimeona nyumba ambazo mfuniko huo umekaa mpaka umebadilika rangi. Pini zimelegea, zinacheza, zinatoa cheche, na plagi yenyewe haina fyuzi ndani, kwa hiyo kinachoulinda waya ule mwembamba ni fyuzi ya ukutani, ambayo, turudi kule kule, ni spoki. Adapta nzuri yenye fyuzi ipo. Kalamu iachiwe mwanafunzi.

Kuna wanaoniambia hayo ni ya zamani, siku hizi ni sakiti breka, swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Ni kweli breka ni bora. Ikiruka unairudisha kwa kidole na huwezi kuitia msumari. Lakini mteja anakuja na breka ya 16 mkononi: “Mama, hii mbovu, inaruka ruka, nipe ya 32.” Namuuliza imekuwa ikilinda waya gani, ananiambia wa taa, yaani milimita 1.5. Si mbovu. Kuna kitu kinaiambia iruke, mara nyingi kiungo kilichokula chumvi ya bahari au chombo kibovu, naye anataka kuiziba mdomo. Wengine hufunga kishikio chake kwa tepu nyeusi kisijishushe. Breka ya kisasa haijali tepu, ndani itaruka tu, ila nia ya mfungaji umeshaiona.

Vijana wa bodaboda na bajaji nao wamo. Wanaongeza taa za rangi na spika, fyuzi nyekundu ya 10 inakatika, wanaweka ya kijani ya 30 au kipande cha waya. Volti 12 hazikuui, lakini waya ukiungua chini ya kiti, tangi la petroli liko karibu sana. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Na jambo moja limechanganywa sana, hata na watu waliosoma: fyuzi haimlindi mtu dhidi ya kupigwa na umeme. Inaulinda waya usiungue. Umeme unaoweza kumuua binadamu ni sehemu ndogo tu ya ampea moja, na fyuzi ya 13 haitaona kitu ukiwa umeganda kwenye friji. Kwa hilo kuna kifaa kingine kinachokata umeme unaovuja, kile chenye kitufe kilichoandikwa T, ambacho hukata umeme unaovuja ukifika sehemu 30 kati ya elfu moja za ampea, na kinafanya kazi vizuri pale penye waya wa ardhini wa kweli, si ule uliofungwa kwenye msumari wa dirisha. Kitufe hicho kibonyezwe mara kwa mara. Kisipokata, kifaa kimekufa na hujui.

Nina ombi kwa wenye nyumba, na halina gharama kubwa. Nunueni kadi ya waya wa fyuzi, ile yenye saizi tatu, 5, 15 na 30, muifunge kwa uzi kwenye mlango wa boksi. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila kishikio kipimo chake. Zimeni meni swichi kabla ya kugusa chochote, na usiku muwe na tochi, si kiberiti. Mtu anaweka msumari saa tatu usiku kwa sababu duka limefungwa, watoto wanalia na msumari uko karibu. Waya wa sawasawa ukiwa karibu kuliko msumari, atautumia huo. Lakini ikikatika tena palepale baada ya kuweka ya sawasawa, muiache ilale imekatika mpaka fundi aje kesho. Giza la usiku mmoja halijawahi kuunguza nyumba, labda kwa mishumaa, na mishumaa nayo izimwe kabla ya kulala.

Fundi mwenyewe awe fundi. EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja. Mwambie akuonyeshe yake kabla hajapanda ngazi, na asipokuwa nayo asikuchekeshe na kofia yenye nembo. Vishoka, mafundi wasio na leseni, tunawajua, wengine ni majirani zetu, tunasali nao. Ile fyuzi iliyo kabla ya mita, yenye lakiri, hiyo ni ya TANESCO, si yako wala ya kishoka. Ukiikata lakiri ukaingiza waya wako, hapo nyuma yako hakuna kitu kingine cha kukata umeme isipokuwa kilicho kwenye transfoma ya mtaa.

Namalizia kwa sisi wenye maduka, kwani si haki kuwasema wateja tu. Fyuzi ya plagi iliyo ya kweli ina mwili wa kauri uliojazwa mchanga laini ndani. Mchanga huo ndio unaozima cheche pale waya unapokatika. Imepigwa muhuri wa ampea zake na namba ya kiwango, BS 1362. Siku hizi zinaletwa nyingine kwenye mifuko ya plastiki, nyepesi, ukiivunja ndani hamna mchanga, mna kijiwaya tu kinachopita kama uzi kwenye bomba tupu. Nyingine zimeandikwa 13 lakini ukiifungua unakuta kijiwaya ambacho hakingekatika hata kwa 40. Ukiinunua hiyo, umenunua msumari wenye sura nzuri, tena ukiwa na nia njema. TBS, shirika la viwango, wanakuja kukagua maduka makubwa. Huku kwetu vichochoroni tunawaona mara chache, na ningefurahi waje hata bila taarifa.

Muuzaji wa jumla anayezunguka na gari alinishushia boksi zima la namna hiyo, bei chini ya nusu ya zile ninazochukua. Nilivunja moja mbele yake kwa plaizi, nikamrudishia boksi lake. Hakubisha. Alilipakia garini, akaniambia duka la mtaa wa pili huwa hawavunji.

Mama mwenye duka la vifaa vya umeme,
Ngamiani, Tanga